Herufi Zenye Viatu

Sijamsamehe. Naanza na hilo ili msomaji asije akafika katikati akaanza kunitafutia toba. Mtu wa umri wangu anatarajiwa kusema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mimi ndwele yangu naijua, nimeilea mwenyewe, na mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya nyonyo yakiungua, moyo wangu unatulia.

Miaka ya hamsini nilifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchapa nyuma ya soko la Mbeya. Kiwanda ni neno kubwa. Kilikuwa chumba kimoja chenye mashine ya kukanyaga kwa mguu, meza mbili na makopo ya wino. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye baba zake walipanda kutoka pwani na biashara ya nguo. Alivaa kanzu, juu ya kanzu koti la sufu, juu ya koti blanketi, na bado alilalamika kwamba binadamu hakuumbiwa baridi ya Mbeya. Tulimchapia kadi za harusi, matangazo ya dansi, ya mpira na ya minada ya ng'ombe.

Tulikuwa vijana wawili. Mwenzangu nilitoka naye mlima mmoja, tulibatizwa kanisa moja, na mjini tulipanga chumba kimoja na kulala kitanda kimoja, miguu yake kichwani kwangu. Yeye alipanga herufi na kuongea na wateja, maana alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Mimi nilikata karatasi, nilisafisha mashine, na chochote cha mbao kikivunjika nilikitengeneza, kwa sababu mjomba wangu alinifundisha kuchonga vinu na vigoda tangu nikiwa mdogo.

Shida yetu kubwa ilikuwa A. Mzee alikuwa na seti moja ya herufi kubwa za mbao, za kuchapia mabango, iliyotoka Ulaya ikiwa imekwisha kutumika. Waliozitengeneza waliwaza lugha yao. E zilikuwa za kumwaga. Kulikuwa na X ambayo sikuwahi kuona inaguswa. Lakini A zilikuwa chache, na K chache zaidi, na wewe jaribu kuita watu wa kwetu kwenye jambo lolote bila A. Ukianza kuandika KARIBUNI DANSI LA PASAKA, A zimekwisha kabla hujataja ukumbi. Kwa hiyo tulichapa nusu ya tangazo, tukaanika karatasi kwenye kamba mpaka wino ukauke, tukazing'oa A zilezile na kuzipanga upya, tukachapa nusu ya pili. Mara nyingi nusu ya pili ilikaa upande. Wateja walidhani ndiyo mtindo.

Siku moja mzee alinituma Makongolosi kupeleka matangazo ya mnada. Pale dhahabu ilikuwa imeshaanza kuwachosha watu, na jengo moja la wachimbaji Wazungu lilikuwa limefungwa, bati limeng'oka, mbuzi wanalala barazani. Juu ya mlango kulikuwa bado na ubao wa jina. Sikuwahi kuona herufi za namna ile. Zilikuwa nene, zimesimama juu ya visigino vipana, kila moja ina mwiba mdogo kiunoni na ndani yake imechongwa ua. Niliziita herufi zenye viatu. Wakati huo wengi wetu tulitembea peku, na mimi nikiwa mmoja wao nilizitazama zile herufi jinsi mtu anavyomtazama tajiri anayepita. Nikaketi chini vumbini nikazinakili kwa mkaa kwenye karatasi ya mfuko wa unga mpaka dereva wa lori akanipigia honi.

Ubao ule ulikuwa na herufi chache tu, nyingine zimeliwa na mchwa. Zilizobaki nilizibuni mwenyewe. Nilikaa nikajiuliza, huyu K angevaaje viatu? W je, mwenye miguu mingi hewani? A ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Niliipa viatu viwili vipana, na kiunoni mshipi, na katikati ya mshipi ua la pareto, kwa sababu mama yangu alilima pareto na ndilo ua nililolijua vizuri.

Nilipomwonyesha mwenzangu, aliisogeza karatasi kwenye taa, akazipitia moja moja kwa kidole. Kisha akasema, hizi ukizichonga, tunafungua kiwanda chetu. Tukakubaliana. Mimi nichonge seti nzima, A na K za kutosha lugha yetu, yeye atafute wateja. Mzee tulimweleza, naye alitubariki. Alisema macho yake yamechoka na yuko tayari kutuachia mashine, tuwe tunamlipa kidogo kidogo. Kwa hiyo zile herufi hazikuwa pambo. Zilikuwa kiwanda, zilikuwa nyumba ya bati, zilikuwa mke ambaye nilikuwa bado sijamwona.

Nilitumia mpera. Mti wake ni mgumu na nyama yake ni laini, haumeguki kwenye ncha. Magogo yalitoka Chimala juu ya malori ya mchele, nami niliyapandisha kwa mama mlimani, nikayaweka darini juu ya jiko lake yakauke kwa moshi taratibu. Kisha nikachonga, jioni na Jumapili baada ya ibada, masika moja ikapita na nyingine ikaja. Mwenzangu alishika mbao nikikata kwa msumeno. Haki hiyo simnyimi. Alishika mbao.

A nilizichonga mwisho kwa kuwa zilikuwa nyingi. Na mbao zikishachongwa zilitaka kulowekwa mafuta ya nyonyo, ama sivyo zinakunywa wino kama pombe ya ulanzi. Kreti la herufi nyingine, zilizokwisha kulowekwa na kukauka, lilikuwa chini ya kitanda chetu mjini. A zilikuwa bado kwa mama, ndani ya chungu. Hapo ndipo mkono wa Mungu ulipokuwa, mimi sikujua.

Asubuhi moja mwenzangu alirudi chumbani kutoka nje, uso umemvimba, akaniambia shangazi yake amefariki Iringa. Nilimpa pole. Nilimpa koti langu, koti zito la kijivu nililonunua mnadani, kwa sababu njiani Mafinga kuna baridi ya kuua mtu na yeye hakuwa na koti. Nikaenda kazini. Niliporudi chumbani nikainama kutafuta ufagio, nikaona chini ya kitanda peupe.

Nitasema ukweli, nililia. Nililia kama mtoto, nimelala sakafuni, mkono umenyooka pale kreti lilipokuwa. Nilipomaliza kulia nilikuwa mtu mwingine, na huyo mwingine ndiye anayeandika haya. Mzee aliposikia alitikisa kichwa akasema kikulacho ki nguoni mwako, akaenda kuswali. Nilitamani kumtupia kopo la wino. Mtu ameibiwa maisha, unampa methali.

Niliacha kazi nikarudi mlimani kwa mama, lakini kuchonga tena sikuweza. Nilishika patasi, mkono ukakataa. A zangu nilizitoa kwenye chungu zikiwa zimeiva kwa mafuta, nikazifuta, nikazitia kikapuni na kuziweka darini juu ya jiko la mama, mahali pa mbegu za mahindi. Mama aliuliza za nini. Nilimwambia ni mbegu.

Ilipita miezi. Kisha mama akanunua chumvi mjini, na chumvi ikafungwa kwa kipande cha tangazo la dansi la Iringa. Nilikikunjua. Zilikuwa herufi zangu. K yangu ile na mguu wake wa mbele, N yangu, S yangu na ua lake tumboni. Lakini mahali pa A kulikuwa na kitu cha ajabu. Yule bwana alikuwa amechukua V akaipindua, miguu chini kichwa juu. V mbili tu ndizo nilizochonga, kwani nani ana haja na V nyingi? Zilipokwisha alitumia A ndogo za kitabuni, nyembamba, zimekaa katikati ya zile zenye viatu kama vifaranga kwenye mkutano wa ng'ombe. Nilicheka mpaka chumvi ikamwagika. A bila mshipi. Suruali inamvuka mbele za watu.

Nikapanda lori kwenda Iringa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini kutoka Mbeya hadi Iringa ilikuwa kutwa nzima ya vumbi, na kila kilomita nilipanga namna ya kumuumiza. Nilipanga ngumi. Nilipanga polisi. Nilipanga kuingia na nyundo na kuvunja kila kitu mbele yake, nikaona hapana, nitakuwa navunja vya kwangu.

Kiwanda chake kilikuwa karibu na soko. Juu ya mlango alikuwa ameandikisha jina lake kwa rangi nyekundu, kwa mtindo wangu, viatu, miiba na yote. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mkahawa wa chai. Niliketi pale, kofia usoni. Nikamwona akitoka mlangoni, amevaa koti langu, anacheka na mteja. Nikaishusha kofia zaidi.

Mwenye mkahawa alikuwa mtu wa maneno, nami nilimpa nafasi. Nilimuuliza zile herufi za ubaoni ni za wapi, mbona nzuri. Akaniambia, kwa fahari ya mtu asifuye wa kwao, "Yule kijana kazichonga yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Mtu wa Mbeya lakini fundi hasa."

Niliweka kikombe chini. Kuiba aliiba, wezi wapo. Lakini mkono wangu, na masika zangu mbili, na ua la mama yangu, amevijaza katika mikono ile isiyoweza kunoa penseli. Hapo ndipo ngumi na nyundo vilipoonekana vidogo.

Mwenye mkahawa aliendelea bila kuombwa. Kijana yuko kwenye majaribu, alisema. Kamati ya maonyesho ya kilimo imempa kazi ya mabango yote, makubwa, ya kubandikwa mpaka vijijini. Kazi hiyo akiimaliza amejenga, na mashine amekopea. Lakini wenye kamati wamezikataa A zake, wanasema mabango yao si ya watoto kuchezea. Ametafuta maseremala wa hapa wamchongee, wakamchongea, lakini A zao ziliinuka juu ya herufi nyingine kwa unene wa ukucha, zikatoboa karatasi. Nikamuuliza mwenye mkahawa, kama yeye ni fundi, kwa nini hajichongei? Akakuna kidevu. Akasema labda kachoka.

Sikuvuka barabara. Nililipa chai nikarudi kutafuta lori la kwetu. Nilikuwa nimeshaelewa kwamba sina haja ya kumfuata. Duniani kote kulikuwa na mahali pamoja tu penye A za kukaa sawa na herufi zile, napo ni juu ya jiko la mama yangu. Atakuja.

Akaja. Ilikuwa kipupwe, ukungu umeshuka mlimani tangu asubuhi na haukuwa na nia ya kuondoka. Mama alikuwa shambani anachuma pareto. Nilisikia mtu akibisha hodi nje, sauti ninayoijua kuliko yangu. Nikafungua. Alisimama pale amelowa, koti langu la kijivu limemganda mwilini, kofia mkononi.

Nieleze desturi yetu, maana ndiyo iliyomponza. Kwetu mlimani mgeni haulizwi kilichomleta, na yeye hasemi, mpaka awe ameota moto na kumeza kitu cha moto. Akisema mapema ni kama anakudai, na wewe ukiuliza mapema ni kama unamfukuza. Hata kama nyumba inaungua, mgeni ataeleza shida yake baada ya chai. Alikuwa amelelewa hivyo kama mimi. Angekuwa mtu wa mjini, angesema mlangoni, na hadithi hii ingekuwa nyingine.

Nikamkaribisha jikoni. Nilimpa kigoda nilichokichonga mwenyewe. Alisalimu, akauliza hali ya mama, hali ya shamba, kama viazi vimekubali mwaka ule. Nikajibu yote. Nikamwambia avue koti likauke, akavua, nikalitundika kwenye msumari karibu na mlango. Kisha nikainama kuwasha moto, na kuni zikagoma. Zilikuwa zimelala nje, zimelowa ukungu. Zilitoa moshi tu, yeye akawa anafikicha macho.

Nikanyoosha mkono darini kutafuta kitu kikavu cha kuchochea. Sikuwa nimepanga. Nimekwisha kukiri mipango yangu mingine yote, hata ya nyundo, kwa hiyo naomba niaminiwe katika hili. Mkono ulitafuta mabua, ukagusa kikapu.

Nilishika A ya kwanza nikaipapasa gizani, mshipi, ua, viatu viwili. Nilijua kabisa ninachofanya. Niliiweka kwenye moto, uso chini, nyuma ya sufuria, na ilipoonja moto ikawaka kama mshumaa, kwa sababu ya mafuta. Mpera mkavu na nyonyo, hakuna kuni bora. Nikaongeza nyingine. Moshi ukapungua, jiko likapata rangi, na mgeni wangu akasogeza viganja.

"Ndaga, ndugu yangu," akanishukuru kwa lugha ya kwetu. "Huko njiani nimekoma."

Maji yakachemka. Nikatia majani, nikatia maziwa, nikachochea. Niliweka A moja baada ya nyingine, taratibu, jinsi mtu anavyolisha mtoto. Iliniuma? Iliniuma sana. Kila moja niliikumbuka, ile yenye fundo la mti mguuni, ile niliyojikatia kidole. Lakini kila lilipouma nilitazama ile mikono yake imenyooshwa kwenye joto langu, mikono ya fundi wa Iringa, na maumivu yakageuka kuwa kitu kitamu ambacho sijapata kukionja tena maishani.

Kuna wakati alivuta pua. Harufu ile aliijua, alikaa nayo masika mbili akishika mbao. Nadhani pua ilijua kabla yake. Alitazama moto, akanitazama mimi, lakini kikombe kilikuwa mkononi na chai haijaisha, na desturi ni desturi. Akanywa. Nikamwekea viazi vya kuchoma, akala. Nilimwongezea chai, akamaliza. Kikapu nacho kilikuwa kimekwisha.

Akaweka kikombe chini. Akajikohoza, akakunja mikono magotini, akaanza kwa sauti ya chini.

"Ndugu yangu, najua nilikukosea. Sikuja kubishana. Nimekuja kuomba zile A. Kazi ya maonyesho tutaigawana nusu kwa nusu, na kiwanda nacho tugawane. Bila zile A mimi nimekwisha."

 Nilichukua koleo la mama, nikapekua majivu nyuma ya sufuria, nikatoa kilichobaki cha ile ya mwisho. Ulikuwa mguu mmoja, bado mwekundu, na kiatu chake kipana kinaonekana vizuri. Nikauweka kwenye sahani ya bati iliyokuwa na viazi vyake, mbele yake.

Aliutazama. Niliona akielewa, kidogo kidogo, kutoka kwenye macho mpaka kwenye mabega. Akaangalia viganja vyake, vile alivyoviotesha moto.

"Hata moja?" akauliza.

"Iringa nzima inajua wewe ndiye uliyezichonga," nikamwambia. "Basi chonga."

 Nilitarajia atanirukia, na nilikuwa tayari, hata nilitamani. Lakini alikuwa ameshakula kwangu, na mtu hapigani na aliyemlisha muda huohuo. Alisimama, akashukuru kwa chai kama alivyofundishwa na mama yake, akanyoosha mkono kuelekea msumari.

"Koti liache," nikasema.

Akaliacha. Nilimsindikiza mpaka mwisho wa ua, kama inavyompasa mwenyeji, na ukungu ukamchukua akiwa na shati moja. Mabango ya maonyesho yalichapwa kwingine. Kile kiwanda chake hakikuiona masika iliyofuata, na herufi zangu zilizobaki sijui ziliishia kwenye jiko la nani. Mimi nilishika patasi tena siku hiyohiyo jioni, na mkono haukukataa.

Mama alirudi na kikapu cha pareto mgongoni, akaona kigoda, akaona vikombe viwili, akaona koti kwenye msumari linatoa mvuke. Akaniuliza mgeni wangu alikuwa nani na alikuwa na shida gani.

Nikamwambia ni mtu wa Iringa, alikuwa anasikia baridi.